Mpwa wangu, Duke wa Veragua hana shamba Veragua

Mpwa wangu,

Umeuliza kama Duke wa Veragua, mwenye cheo cha ukabaila cha Hispania, bado ana kipande chake cha Panama. Hana. Tangu 1556 familia ile ya Colón (ndiyo Columbus kwa Kihispania) haina ardhi Veragua, ina jina tu.

Chanzo ni mkataba wa Santa Fe, Aprili 17, 1492. Isabella na Ferdinand, watawala wa Hispania, walimwahidi Christopher Columbus uadmirali (ukuu wa bahari) wa kurithiwa, umakamu wa mfalme na fungu la kumi la mali ya nchi atakazozifikia, kabla hawajajua nchi zenyewe zina ukubwa gani. Walipojua, walijuta. Mwaka 1500 Columbus alirudishwa Hispania kwa pingu. Mwanawe Diego alifungua kesi dhidi ya Taji, yaani utawala wa kifalme, 1508 kudai ahadi hizo, akafa 1526 haijaisha. Mjane wake, María de Toledo, ndiye aliyeisukuma kwa ajili ya mtoto wao Luis.

Suluhu ilipatikana 1536. Luis akaachia umakamu na fungu la kumi. Akabaki na uadmirali, akapewa Jamaica, dukati (sarafu za dhahabu) 10,000 kwa mwaka, na mraba wa ligi 25 kwa 25 (ligi ni kipimo cha zamani cha umbali) huko Veragua. Hati ya uduke ilitoka 1537. Kwenye karatasi ulipendeza, lakini ulikuwa msitu na mvua, tena wenyeji wake walishamfukuza Columbus mwenyewe 1503. Msafara wa 1546 wa kuukalia nao uliangukia pua. Miaka 10 baadaye Luis alirudisha ardhi kwa Taji, akaongezewa posho, akabaki na cheo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo akili pekee aliyoonyesha. Maana baadaye alihukumiwa kwa kuoa mke juu ya mke, akafia uhamishoni Oran, Afrika Kaskazini, 1572.

Kilichofuata ni ugomvi wa mirathi. Columbus alikuwa ameandika 1498 kwamba wanaume watangulie. Mrithi wa Luis alipofariki 1578, ndugu walishtakiana miaka 30, hadi 1608 ushindi ukamwendea Nuño de Portugal, aliyedai kupitia bibi yake mzaa baba, Isabel Colón, dada wa Luis.

Leo hilo lisingekuwa hoja: sheria ya Hispania namba 33 ya 2006 inampa cheo mtoto wa kwanza, awe wa kike au wa kiume. Cheo hakiuzwi, na hakijirithishi chenyewe. Mwenye cheo akifa, mwenye haki huomba kupitia wizara inayoshughulikia sheria ndani ya mwaka mmoja. Akinyamaza, anayemfuata hupewa mwaka mwingine. Kisha mlango huwa wazi miaka 3 kwa yeyote anayejiona na haki. Miaka hiyo 5 ikipita bila ombi, cheo hufa, na kukifufua ni shauri jingine kabisa.

Mjomba wako