Mafundi, angalieni chaneli kabla ya kupiga Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme na mafundi wa kompyuta wa mitaani, pamoja na vijana wanaokuja majumbani kutufungia intaneti.

Binti yangu yuko chuo na kazi zake nyingi anazifanyia nyumbani. Kompyuta yake mpakato ni ya mtumba, ilitoka Marekani, tukainunua Kariakoo. Juzijuzi tumefungiwa waifai. Simu zote za nyumbani ziliiona, televisheni ya sebuleni ikaiona, hata simu ya shangazi yake aliyekuja kututembelea. Kompyuta ndiyo haikuiona. Si kwamba iligoma kuunganishwa au ilikataa neno la siri. Jina lenyewe halikuwamo kwenye orodha. Waifai za majirani zimejipanga pale mpaka ya duka la ng'ambo ya barabara, ya kwetu haipo, na ruta iko juu ya kabati anapoiona kwa macho.

Fundi wa kwanza alisema kadi ya waifai imekufa, inunuliwe nyingine. Wa pili akasema hiyo ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, dawa yake kupiga Windows upya, shilingi 35,000, na mafaili yote yahamishiwe kwenye fleshi kwanza. Niliwauliza wote wawili: kadi iliyokufa inaionaje waifai ya jirani? Wa kwanza alicheka tu. Wa pili akanijibu, "Mzee wangu, haya mambo ya kisasa."

Sasa mambo hayo ya kisasa nimeyalia mshahara mpaka nikastaafu. Nilikuwa fundi wa redio za mawasiliano bandarini. Waifai nayo ni redio: ina masafa, ina chaneli, na chombo kisichofika kwenye chaneli fulani hakitaisikia hata ukikiweka juu ya mtambo wenyewe.

Nikapakua kwenye simu programu ya bure inayoonyesha kila waifai iko chaneli ya ngapi. Mtaa mzima umejazana kwenye 1, 6 na 11. Ya kwetu, peke yake, iko 13. Basi nikaelewa. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, Ulaya na sehemu kubwa ya dunia hutumia chaneli ya 1 hadi ya 13, lakini kompyuta zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida huishia 11. Ruta ikiachwa ijichagulie yenyewe hutafuta penye nafasi. Ya kwetu ilikuta msongamano huku chini, ikapanda hadi 13, yaani megahezi 2472, na kadi ya kompyuta ya binti haisikilizi huko kabisa. Simu nyingi hujua ziko nchi gani kwa kutazama mtandao wa simu uliopo, zikajirekebisha. Ndiyo maana zenyewe hazikusumbuka.

Chini ya ruta kuna stika yenye anwani ya kuandika kwenye kivinjari, ya kwetu ni 192.168.1.1, na neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio, ambalo si lile la waifai. Niliingia kwa simu, nikafika kwenye mipangilio ya waifai, palipoandikwa "Auto" nikaweka 6, nikahifadhi. Ruta ikazima taa zake, ikawasha. "Baba, imekuja!" Windows ni ileile, kadi ni ileile, na 35,000 ninayo. Nilichagua 6 kwa kuwa jirani aliyemo humo mawimbi yake yanatufikia yakiwa dhaifu. Na asije mtu akachagua 3 au 4 akidhani amekwepa foleni. Chaneli zinazokaribiana huingiliana, ukikaa katikati utasumbuana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

Siyo kila kompyuta ina ugonjwa huu. Nyingi za bei nafuu au za zamani zina kadi ya gigahezi 2.4 tu, na ruta ikiwa imewekwa kurusha kwenye gigahezi 5 peke yake, hazitaona kitu. Kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la amri, andika netsh wlan show drivers, utazame mstari wa aina za redio: usipoona 802.11a wala 802.11ac, uwezekano ni mkubwa kwamba kadi hiyo haifiki gigahezi 5. Wauzaji wa kompyuta za mtumba wangeweza kuliandika hilo kwenye karatasi ya bei, maana ukubwa wa diski wanauandika kwa herufi kubwa.

Kwa mafundi, ombi langu halina gharama. Mteja akisema kompyuta haioni waifai ya kwake, mwulizeni kama inaona ya jirani. Kama haioni hata moja, hakikisheni kwanza waifai haijazimwa kwa kitufe au kwa hali ya ndegeni. Kisha washeni hotspoti ya simu kwenye gigahezi 2.4, muone kama kompyuta inaiona. Ikiiona, kadi ni nzima, na hakuna sababu ya kugusa Windows ya mtu.

Nanyi vijana wa kufunga intaneti, msijaribu kwa simu zenu tu mkaondoka. Ombeni kila chombo kilichomo ndani ya nyumba kijaribiwe, na ruta iwekeni kwenye 1, 6 au 11 wenyewe badala ya kuiachia ichague. Halafu kuna tabia ya kubadilisha neno la siri la mipangilio na kuondoka nalo. Stika inabaki pale chini ikisema uongo, na mteja akitaka kubadilisha chaneli inabidi apige huduma kwa wateja asikilizishwe muziki. Mwandikieni neno jipya kwenye karatasi, mkabidhini mwenye nyumba kabla hamjapanda pikipiki.

Mstaafu,
Chumbageni, Tanga