Jiwe kwenye foleni

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza tuliwezaje kuishi miaka ile ya 1980, nami nikakujibu, "Tulivumilia tu." Lile halikuwa jibu, na limenikosesha raha tangu siku ile.

Nilikuwa na miaka 11, tukipanga vyumba viwili Magomeni, Dar es Salaam. Babu yako alifanya kazi kiwandani na mshahara alipata. Hapo ndipo wengi wenu mnaposhindwa kuelewa: fedha kidogo tulikuwa nayo, kitu cha kununua ndicho kilichoadimika. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera na Uganda ya Idi Amin, mafuta yamepanda bei duniani, na kahawa na mkonge havikutosha tena kutuletea fedha za kigeni. Pasipo fedha hizo hakuna vipuri wala malighafi, viwanda vikawa vinasimama. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki palepale.

Bibi yako alifulia majani ya mpapai. Aliyaponda, akayasugua kwenye nguo mpaka yatoe povu kidogo, na shati langu la shule likawa na ukijanikijani usiotoka. Meno tulisugua kwa mkaa, miguuni katambuga, ndala za matairi. Ugali ulikuwa wa Yanga, mahindi ya njano yaliyotoka Marekani. Harufu yake naikumbuka hadi leo. Hata mtu akifiwa, familia ilihangaikia kibali cha sukari ya chai ya waombolezaji. Na 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, walanguzi wengine walitupa usiku mali walizozificha. Bibi yako aliposikia kuna sukari imemwagwa, alikaa chini akalia. Mdogo wangu alikuwa na wiki tatu hajaonja uji wenye sukari.

Lakini ninalotaka kukueleza hasa ni la jiwe. Ikisikika kwamba duka la ushirika limeletewa mzigo, watu walipanga mawe alfajiri kushika nafasi, kisha wakarudi nyumbani kuchota maji au kuwaandaa watoto. Kila mtu alilijua jiwe lake, na jiwe liliheshimiwa kama mwenyewe amesimama pale. Kazi ya kulipeleka letu ilikuwa yangu. Siku moja nilichelewa, nikakuta foleni imeshakuwa ndefu. Hapakuwa na mtu karibu. Nikalichomeka letu mbele ya jiwe la jirani yetu, mjane mwenye watoto wanne.

Sukari iliishia kwetu. Yule mama aliyekuwa nyuma yangu akaondoka na mfuko mtupu, hakusema neno. Jioni alipita kwetu, akamwambia bibi yako kwa upole, "Jiwe langu leo lilikuwa mbele ya la mwanao." Akaaga akaenda zake.

Bibi yako hakunichapa. Alichukua kilo yote, hakupunguza hata kijiko, akanikabidhi. "Peleka. Na useme mwenyewe ulichofanya." Ni nyumba ya tatu tu, lakini sijawahi kutembea mbali kama jioni ile. Nilisema huku nalia. Mjane yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaleta bakuli la bati, akapima sukari nusu kwa nusu mbele ya wanawe, akanirudisha na nusu yetu humo bakulini.

Bakuli la mtu halirudishwi tupu. Kesho yake bibi yako alilirudisha na dagaa. Likaja na mchicha, likaenda na chumvi, likaja na kaa la moto siku tulipoishiwa kiberiti. Lilikuwa bado linakwenda na kurudi tulipohama Magomeni mwaka 1987, na siku ya kuondoka lilikuwa kwetu. Bibi yako alilijaza unga, akanituma nilipeleke.

Mama yako