Dada, kitindamlo kipo, ila pitia mlango wa nyuma

Shikamoo dada.

Nimeliona swali lako kwenye grupu la familia. Umeuliza, wala huna haya, kama kuna anayejua pa kupata kitindamlo kizuri karibu na stesheni, pa kwenda kwa miguu na kurudi kabla treni ya pili haijaondoka. Wote wamesoma, hakuna aliyejibu, na unajua kwa nini. Shangazi aliweka emoji ya kucheka, kisha akaifuta. Mimi nimeona nisikujibu mle ndani, kwa sababu mle ndimo nilimohukumiwa bila kusikilizwa. Nakujibu hapa, mbele ya watu.

Tuanze na saa, maana ndiyo iliyotugombanisha. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa, yaani mita 80 hivi kwa dakika. Kwa hiyo dakika 10 ni mita 800, na hizo ni za mtu asiyevuta begi, asiyesimama kwenye taa za barabarani, asiyeangalia viatu madirishani. Wewe punguza. Ukiwa na saa nzima kati ya treni mbili, usiende mbali zaidi ya dakika 12. Kwenda na kurudi zimeshaondoka 24. Foleni na kula zipe 20. Zilizobaki ni za kulitafuta jukwaa lako, kwa sababu treni nyingi hufunga milango kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Hili la milango nilikwambia siku ile tukienda kwenye ndoa ya mdogo wetu. Ulisema nina wasiwasi wa kizee.

Na usiiamini ramani ya simu kwa kuitupia jicho tu. Duka utaliona liko hapo hapo puani, kumbe liko ng'ambo ya reli, na reli huivuki popote unapotaka. Iambie simu ikuonyeshe njia ya mtembea kwa miguu, uone daraja au njia ya chini iko wapi. Tazama pia saa za kufunga. Waokaji wanaowasha tanuri alfajiri wengi hufunga mapema, na aliyebaki wazi jioni huenda anakuuzia mabaki ya asubuhi.

Sasa, toka kwa mlango wa nyuma. Kodi ya pango mbele ya lango kuu la stesheni ni kubwa, na mteja wa pale ni msafiri ambaye hatarudi. Hana wa kumlalamikia. Akigundua keki ni kavu, yuko behewani. Ukizunguka nyuma, ukavuka mtaa mmoja au miwili, unawakuta wateja wanaoishi pale, wenye mdomo, ambao wakilishwa kibovu Jumatatu, Jumanne hawaji. Hao ndio wanaokulindia ubora bila wewe kuwalipa. Sisemi ndani ya stesheni hakuna kizuri. Ukiona tanuri kwa macho yako, na sinia linatoka humo likiwa na moshi, simama ule. Lakini kilichovikwa nailoni tangu sijui lini, dada, hicho ni cha kukutuliza njaa tu.

Ukifika dukani usikimbilie rangi. Hapo ndipo unapoponzwa kila mara, tangu utotoni. Aiskrimu iliyorundikwa kama mlima juu ya chombo na isiporomoke ina vitu ndani vya kuishikilia. Iliyo laini kweli hukaa chini, mara nyingi imefunikwa. Ya ndizi halisi haiwi njano. Ndizi ikishapondwa hufifia, inakuwa nyeupe ya kijivujivu. Ukihisi chembe za barafu mdomoni, huenda iliyeyuka ikagandishwa tena. Kwenye kabati la keki tazama krimu: ikiwa kingo zimekauka zikaingia ufa, au imeanza kutoa maji chini, ondoka. Matunda ya juu yakiwa yamenywea na ile jeli ya kung'arisha imejikunja, ondoka pia. Duka lenye aina sita zinazoisha kabla ya jioni nalipenda kuliko lenye aina arobaini zinazokungoja wewe. Na uliza kitu kimetoka tanurini saa ngapi. Anayejua atakujibu papo hapo. Asiyejua ataanza kukusifia.

Nimefika pale ambapo sikutaka kufika, lakini wacha niseme.

Tulikuwa na muda. Duka lilikuwa karibu, nilikuwa nimeshalipima mwenyewe, na tulikula tukamaliza. Tukatoka. Tulifika kona ile yenye saa kubwa ukutani, na saa ilikuwa upande wetu. Ukasema, "Ngoja, wakwe nao." Ukarudi. Nilibaki pale na mabegi mawili, langu na lako, lile lako lenye gurudumu bovu. Kupitia kioo nilikuona unanyoosha kidole, muuzaji anaweka, unatikisa kichwa, anatoa. Akalikunja boksi, akalifunga kwa utepe, ukasema kitu, akaufungua utepe. Ulikuwa umekumbuka ile keki ya limau. Nikakuita kwa jina, wewe ambaye sijawahi kukuita kwa jina, na hukugeuka.

Milango ilifungwa tukiwa kwenye ngazi. Hilo nimesamehe, treni ni treni, na tulipata nyingine. Tulifika ndoa ya mdogo wetu imeshafungwa, watu wanakula. Hilo pia ningelimeza. Lakini ulisimama katikati ya wakwe, boksi mkononi, ukacheka, ukasema, "Muulizeni huyu na tumbo lake." Mama akanitazama. Nami nilikuwa bado nimeshika begi lako. Boksi likafunguliwa, krimu imeshageuka maji, kwa sababu ilikaa joto la mchana mzima, na krimu au kastadi haipaswi kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2. Watoto walilamba wakaacha. Ya limau ndiyo iliyokuwa imepona, na unakumbuka nani aliila.

Ukitaka kubebea watu, basi, beba kikavu. Biskuti za siagi, keki ya matunda yaliyokaushwa, keki nzito ya chokoleti isiyojazwa kitu. Hizo hustahimili safari. Keki isiyo na krimu usiitie hata kwenye friji. Ifunike vizuri tu, kwa sababu wanga wake hukakamaa upesi kwenye baridi na unadhani imezeeka. Ya krimu iliwe pale pale dukani. Na kama unabeba, nunua kila kitu kwa mkupuo mmoja. Hakuna kurudi. Ningekuwa nimekwambia hivyo siku ile kwa sauti ya ukali ungeniita mkorofi, nikakwambia kwa upole hukusikia, sasa sijui ulitaka nikwambieje.

Hata hivyo hakuna mtu ninayependa kula naye kitu kitamu kama wewe. Wengine wanakula huku wanazungumzia unene. Wewe unanyamaza, unafumba jicho moja, kisha unasema kilichokosekana, chumvi au ndimu, na huwa umepatia. Tulipokuwa tunagombania kingo za keki zilizoungua kwenye sufuria, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba pale pa kahawia ndipo penye utamu. Kisha ukazila zote, lakini ulinifundisha.

Wiki ijayo nami napita stesheni hiyo, jioni, siku ile ile uliyoitaja. Nyuma yake, ukishavuka daraja, kuna mwokaji anayefanya vitu vichache na vinaisha. Nitamwomba atuwekee viwili. Begi lako utalivuta mwenyewe.