Ni jeni, si jini

Wete, Ijumaa baada ya Alasiri

Shoga yangu Zuleikha,

Assalamu alaykum. Sie wazima, mama anakusalimu, na mkarafuu wa nyuma ya nyumba mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama. Nisamehe kimya changu tangu Idi ndogo. Nilijua nikishika kalamu nitaandika hili tu, na kila nikianza linanikaba.

Umeambiwa Rahma, mtoto wa ndugu yangu Saada na kaka yako Haji, ana jini. Najua umeambiwa, maana Bi Mtumwa karudi nalo juzi kutoka Unguja, na halikumfikia bila ya kupita kwenu. Zuleikha, hakuna daktari aliyesema jini. Nilikuwapo. Nilikaa ubavuni kwa Saada, Rahma mapajani mwangu anachezea funguo, daktari kafungua karatasi ya majibu yaliyotoka India akasema mtoto ana hitilafu kwenye jeni. Jeni, kwa e. Mama yako alikuwa amekaa nje penye benchi, kalisikia kupitia mlango ulio wazi nusu. Simlaumu, maneno yenyewe ni majirani. Lakini lilipofika Konde lilikuwa jini, na lilipomfikia kaka yako Haji likawa jini la ukoo wa Saada.

Nilimwomba daktari anieleze kama anayemweleza bibi yake, naye kanieleza. Ndani ya karibu kila seli ya mwili mna uzi wa maagizo, ukinyooshwa unafika kama mita 2, nao umezongwa na kubanwa mpaka ukaenea pahala pasipoonekana kwa jicho. Nikakumbuka ukili wa marehemu bibi, vile ulivyokuwa umeviringwa pembeni mwa kitanda. Ukili uliobanwa haushoneki mkeka. Lazima ulegeze kipande kile unachotaka kukishona, kingine ukiache kimefungwa. Basi mwilini zipo protini za kazi hiyo, kulegeza na kubana, na mojawapo inatokana na jeni, yaani kipande cha maagizo kwenye uzi ule, iitwayo CHD7, iliyoko kwenye kromosomu ya 8, ndiyo moja ya sehemu za uzi huo. Kila mtu ana nakala 2. Ya Rahma moja imeharibika, kwa hiyo protini inapatikana pungufu, na mtoto anapoumbwa tumboni upungufu ule unatosha kuharibu. Maagizo ya jicho, ya sikio, ya pua, yote yanangoja kufunguliwa kwa wakati wake. Ndiyo maana mtoto mmoja kaguswa kila pahala. Wengine huguswa na moyo. Wake umepimwa, alhamdulillahi.

Unakumbuka usiku aliozaliwa? Akipewa ziwa anageuka buluu, akilia anarudi rangi yake. Mtu mmoja pale wodini akamwambia Saada hajui kunyonyesha. Mpaka akaja muuguzi mwengine, kachukua kijibomba chembamba akakipitisha puani, kikagota. Tundu ya pili vile vile. Pua ilikuwa imezibika kwa nyuma, na kitoto kichanga hajui kuvuta pumzi kwa mdomo ila akilia. Ule mboni wake wa kushoto uliochanika chini kama tundu la ufunguo, ndiyo jeni ile ile. Na kutosikia kwake.

Na kutambaa kwake! Hapa ndipo mama yako aliposhikilia. Rahma anakaribia miaka miwili, anatambaa kwa mikono na magoti na kipaji chini, kama aliyesujudu huku anasogea. Wanasema jini linamwinamisha. Ndani ya sikio, shoga yangu, mna vijifereji vitatu vilivyopinda vinavyomwambia mtu yuko wima au amelala. Watoto wa namna yake wengi huzaliwa bila ya vijifereji hivyo, au vina kasoro. Basi anakifanya kichwa mguu wa tano, asianguke. Mimi nikimwona nastaajabu akili yake. Hakuna aliyemfundisha.

Ugonjwa wenyewe unaitwa CHARGE, jina lililopewa mwaka 1981, na jeni yake waliigundua wataalamu wa Uholanzi mwaka 2004. Anazaliwa kama mmoja katika watoto elfu 10. Haji anasema kwao hakuna mtu wa hivi. Ni kweli, na kwetu hakuna. Mara nyingi hitilafu inazuka upya, kwa mtoto yule yule, wazazi wote wawili hawana. Saada hakula kitu, hakuvunja mwiko, hakupita pahala. Kapimwa damu, hana. Imebaki ya Haji, na Haji tangu Mfunguo Tatu simu hapokei.

Ninachokuomba ni hicho. Mwambie aende akatoe damu. Akionekana hana, mtoto mwengine kupata hivi ni kama mmoja au wawili katika mia, na Saada anaweza kulala. Akionekana anayo, basi nusu kwa nusu, ni bora wajue, na hapo pia hakuna mwenye hatia, maana yupo mtu anayeishi nayo kidogo tu asijijue. Saada ananiuliza usiku, kama akizaa tena... halafu ananyamaza, anageukia ukutani.

Jana Rahma kaweka shavu mlangoni wakati fundi anapigilia misumari, akacheka mpaka akaishiwa pumzi. Mtikisiko ule anausikia kwa mfupa.

Haji yuko kwako au kahamia Jang'ombe? Anakula vizuri? Anamtaja mtoto? Mama yako akija Unguja utamkalisha umweleze, au nije mwenyewe? Yule mkoi wako wa vifaa vya kusikia bado yuko pale Darajani, na kimoja ni bei gani? Boti ya Jumamosi inatoka Mkoani saa ngapi siku hizi? Na wewe mwenyewe, mgongo vipi?

Nijibu upesi, hata kwa simu.

Wako,
Mwanaasha