Shangazi, kutembea kwangu kumekuwa kichekesho cha familia

Asalaam aleikum shangazi. Nakuandikia saa hizi kwa sababu usingizi umekataa kabisa, na aliyenikosesha huo usingizi yuko hapa kando yangu anakoroma. Nyumba zetu za hapa Lamu unazijua kwa hivyo sina haja ya kueleza sana, mavyaa chini, sisi juu, wifi mlango wa pili, jiko moja.

Nilikwenda kliniki kwa ajili ya kichwa tu. Nikapimwa presha ikawa juu, nikaambiwa nirudi, nikarudi ikawa vile vile, na wenyewe wanasema ikifika 140 kwa 90 hiyo si ya kuchezea. Nesi, mama mtu mzima, akaniuliza sasa utafanya nini. Nikamwambia nitapunguza kilo 20. Akacheka, akasema mwanangu, kilo huziamrishi, niambie kitu unachoweza kukifanya kesho asubuhi. Tukaafikiana nikishaswali alfajiri nitembee dakika kumi njia ya kando ya maji kama naenda Shela, nigeuke nirudi, nikizoea niongeze. Akanambia zinazotakikana kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki na si lazima zije kwa mpigo mmoja.

Na nimeweza shangazi, wallahi nimeweza. Siku za bamvua alfajiri maji yanakuwa bado yako juu, njia imefunikwa hupiti, basi napita mitaa ya ndani nabanana ukutani na punda waliobeba mawe, lakini naenda. Sasa nafika mbali kuliko tulivyopanga, na ngazi ya hapa kwetu ambayo nilikuwa lazima nisimame katikati nivute pumzi, siku hizi napanda moja kwa moja na ndoo mkononi.

Basi wifi akanipiga picha kwa nyuma, buibui na raba, akaitia kwenye grupu la familia akaandika "mbio za sakafuni". Hakumalizia, ya nini, kila mtu anajua zinaishia wapi. Wakacheka wote mpaka walioko Mombasa na yule wa Oman. Hayo nayaweza, wifi ndivyo alivyo tangu nimeolewa. Kilichoniuma ni mume wangu kutuma vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, vitatu. Mtu ambaye karatasi ya kliniki ameiona, ameikunja kwa mkono wake akaitia kwenye droo.

Najua watakwambia huyu kila Ramadhani anatangaza atapungua na Idi ikifika nguo hazimtoshi. Haya, na hiyo futari nani anaipika? Sambusa, kaimati, viazi vya nazi, wanataka vyote na mpishi lazima aonje. Na sasa siachi kazi ya nyumba, mahamri nakanda usiku, chai naiacha tayari, watoto nawaamsha mwenyewe nikirudi. Kwa hivyo asinambie mtu najitia uzungu, kwani mabibi zetu waliokuwa wakienda shamba kwa miguu walikuwa wazungu?

Mimi sitaki anisifu. Wala sitaki tutembee pamoja, akija yeye kila baraza atasimama asalimie tutafika saa ngapi. Lakini angeniuliza tu siku moja, leo umefika wapi, ingempunguzia nini? Nilipomwuliza kwa nini alicheka akasema ah, huo utani wa mawifi mimi nimo vipi. Shangazi, vitatu. Kingekuwa kimoja ningesema kidole kimeteleza.

Sasa natoka mlango wa nyuma, raba nimezitia mfukoni, nikiulizwa nasema nakwenda kwa mamangu. Ni kweli njia hiyo inapita kwa mamangu kwa hivyo si uongo sana. Mume hajanikataza, ila hajui kama bado naenda, na hapa mke akionekana alfajiri pekee yake na mumewe hana habari maneno hayachelewi. Nikimwambia atacheka tena. Nikinyamaza ni kama nafanya jambo la haya na sijafanya la haya. Dada yangu anasema pumzika kidogo mpaka wasahau, nikaona maneno hayo, kisha nikakumbuka ile mashine inavyobana mkono na nesi anavyoitazama namba halafu ananitazama mimi. Kutoka kwenye grupu nako nimefikiri, lakini nikitoka mavyaa ataona nimemkosea yeye, na yeye hata hakucheka, simu yenyewe hajui kuiwasha.

Halafu kuna la chumvi, na pengine ndilo lingetangulia. Nesi alisema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya ng'onda na ya achari. Hapa chungu ni kimoja na mwenye kutia chumvi ni mavyaa, anatia kwa kiganja. Mimi namwambiaje, mtu aliyenifundisha kupika samaki wa nazi, bila kuonekana nimeanza kuutia mkono wake kasoro? Nijipikie kando? Nikijipikia kando si itakuwa picha nyingine kwenye grupu.

Ukijibu tafadhali usitaje mtaa. Wifi ukurasa wako anausoma, tena anaanza na wewe kabla ya vifo.