Nisaini karatasi ya bima wakati mguu haujapona?

Ndugu mshauri, salaam.

Naandika nikiwa bado natembelea magongo. Niligongwa nikiendesha pikipiki, kwenye njia panda, mchana kweupe. Nilikuwa naenda moja kwa moja, gari lililokuwa likija mbele yangu likakata kona ghafla na kunifungia njia. Dereva alishuka akitetemeka, akasema, "Sikukuona kabisa." Kulala kitandani kumenifanya nisome sana, na nimeona kwamba maneno hayo husemwa kila mahali. Utafiti mmoja uliotolewa Marekani mwaka 1981, uliochunguza ajali za pikipiki zaidi ya 900 eneo la Los Angeles, ulionyesha kwamba pikipiki na gari vinapogongana, karibu mara 2 kati ya 3 aliyemnyima mwenzake haki ya njia ni dereva wa gari. Imeniuma kujua kwamba jambo linalojulikana muda wote huu bado linatuvunja miguu.

Polisi walipima barabara na kuchora mchoro, na ripoti yao inasema gari ndilo lililotakiwa kusubiri. Dereva alishtakiwa kwa uzembe, akakiri kosa, akalipa faini. Lakini faini huenda serikalini, aliyeumia haambulii kitu. Fidia ni shauri jingine, la madai, na huko ndiko nilikokwama.

Mfupa wa muundi ulivunjika, nikapasuliwa na kuwekewa chuma. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi yangu ni kusimama, kuchuchumaa na kupanda ngazi nikiwa na mzigo, na sasa kifundo cha mguu wa kulia hakikunji. Daktari anasema mfupa wa aina hii kwa kawaida huunga kwa miezi 4 hadi 6, ila wangu unasuasua, na huenda nikarudi chumba cha upasuaji. Nilipomwomba aniandikie kiwango cha ulemavu alikataa: hilo hupimwa mguu ukishatulia, akiandika leo atakuwa anakisia.

Katikati ya hali hiyo, kampuni ya bima ya yule dereva imeniletea karatasi ya kusaini. Upande wa mbele kuna kiasi cha fedha. Nyuma, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba ninapokea malipo kamili na ya mwisho, na kwamba mimi wala warithi wangu hatutadai tena chochote kutokana na ajali hiyo, kwa madhara yanayojulikana sasa na yatakayojitokeza baadaye. Nimeisoma mara nyingi hiyo sehemu ya pili. Mguu ukikataa kuunga mwakani, gharama itakuwa yangu peke yangu.

Fedha hizo zinatosha bili za hospitali zilizopita na matengenezo ya pikipiki. Kipato nilichopoteza hakimo, matibabu yajayo hayamo, maumivu hayakuguswa. Tena wamekata asilimia 30 wakidai nilikuwa na mwendo kasi, kwa hiyo na mimi nina sehemu ya kosa. Naelewa kwamba sheria za nchi nyingi hupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wa aliyeumia katika ajali, na hilo ni haki. Lakini aliyeandika hiyo asilimia hakuwepo pale, na ripoti ya polisi haitaji mwendo wangu popote. Pikipiki bado iko kituoni. Kanyagio la breki ya nyuma limejikunja likaelekea kwenye injini, na bamba la mbele la gari limeacha rangi yake ubavuni. Afisa wa bima ananihimiza niiuze kama chuma chakavu. Ndugu yangu mmoja ananiambia nisithubutu, ule ni ushahidi. Mimi nimepiga picha kila upande, lakini sijui kama picha zinatosha mbele ya hakimu.

Kuna na suala la kipato. Sina hati ya mshahara kwa kuwa nimejiajiri. Nina daftari ninaloandika kazi za wateja na malipo yao, na taarifa za benki zinazoonyesha fedha zikiingia. Wapo wateja walio tayari kutoa ushahidi. Afisa wa bima alilifungua daftari, akalifunga, akasema hawezi kulipa kwa "makaratasi ya mkono". Jambo hilo limenichoma kuliko mengine yote, maana jasho langu lote limo mle.

Nyumbani maoni yamegawanyika. Mke wangu anasema, "Baba watoto, chukua hicho kidogo, ada za shule hazisubiri mahakama." Simlaumu hata kidogo, ndiye anayehangaika na madeni tangu nilale. Kaka yangu anataka niende kwa wakili. Niliyezungumza naye hataki malipo ya mwanzo, anataka sehemu ya fidia nikishinda, ila hajaniandikia ni asilimia ngapi wala gharama za mahakama na za daktari wa kutoa ushahidi zitatoka upande gani.

Naomba unisaidie haya. Je, naweza kuomba kampuni ilipe sehemu sasa, kwa mfano bili na kipato cha miezi iliyopita, huku dai la mguu likibaki wazi mpaka daktari atoe tathmini? Je, kukiri kosa kwa dereva kwenye kesi ya barabarani naweza kukutumia kwenye kesi ya madai? Mazungumzo haya na bima yanasimamisha muda wa kufungua shauri, au siku zinaendelea kuhesabiwa huku tukibembelezana? Na kwa wakili, nidai mkataba uwe na nini kabla sijaweka sahihi?

Karatasi ipo mezani, sijaisaini. Afisa anasema ofa inafungwa mwisho wa mwezi huu, na anataka jibu langu kwa maandishi. Nimwandikie nini ili nisiifunge njia ya mahakama?

Wako,
Fundi mwenye magongo