Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uzinduzi wa Mpango Mkakati wa Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa bodi, walimu na wazazi wetu, shikamooni. Wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Mgeni Rasmi, muhula huu klabu yetu ilitembea kwa miguu kutoka Posta hadi Kariakoo kujifunza jinsi jiji letu lilivyopangwa. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaweka kanuni za ujenzi. Waingereza wakaja na kanda tatu, na mpaka leo majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hayajatutoka mdomoni. Kilichotugusa zaidi ni maneno ya kanuni za Waingereza. Zilitaja aina ya nyumba: za Kizungu huku, za wenyeji kule. Rangi ya mtu haikuhitaji kutajwa, kwa kuwa wachache mno kati ya babu zetu wangemudu kujenga nyumba ya Kizungu. Hata uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo kwa hoja ya afya, ili watu wakae mbalimbali. Leo pale pana mnara wa Mwenge wa Uhuru, nasi tulikaa kivulini tukala mihogo.

Tuliporudi tukaisoma rasimu ya mpango mkakati wetu. Ni kazi nzuri, tunaishukuru kamati kwa dhati. Lakini ukurasa wa chumba cha kompyuta ulitusimamisha. Unasema chumba kitafunguliwa saa kumi na moja jioni kwa kila mwanafunzi atakayejiandikisha. Hakuna aliyekatazwa. Ila wenzetu wanaotoka Chanika na Mbagala, wanaopanda daladala mbili, wakisubiri saa hiyo watafika kwao usiku. Hao hawakuulizwa, na wengi wao ni wasichana.

Kwa heshima kubwa tunaomba, kabla hujatia saini, ukurasa huo urudishwe kwa kamati, na wanafunzi wa mbali waitwe waseme saa inayowafaa. Sisi tunaona hata mapumziko ya saa nne yangesaidia, lakini wao ndio wanaojua.

Ombi la pili ni dogo: ramani kubwa ya jiji ya kubandika ukutani. Tuliyo nayo imechanika Kigamboni.

Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanaklabu wa Historia
Dar es Salaam